Siku moja ya ziara Berlin, na Mswahili aliyefia kambini

Na Mwandishi Wetu

SISI watu wa pwani tukitaja ziara, mawazo huenda makaburini. Mtu akiaga kwamba anakwenda ziara, hujulikana kuwa amechukua udi na maji ya waridi, anakwenda kumsomea marehemu wake au sharifu wa mji. Kumbe hata Ulaya ziara za namna hiyo zipo, ila huko hulipiwa, na kiongozi wake huinua mwavuli juu ili watu wasipotee njia.

Ziara niliyoifanya mimi ilikuwa ya mji wa Berlin, Ujerumani, siku moja ya baridi mwezi wa Novemba. Ilianza saa tatu asubuhi ikaisha giza limekwisha kuingia. Ni ziara ya mahali palipowekwa kumbukumbu ya Mayahudi waliouawa na serikali ya Wanazi, iliyotawala nchi ile tangu mwaka 1933 hadi 1945. Waliouawa wanakisiwa kuwa kiasi cha milioni 6, wazee, wanawake na watoto wachanga pamoja.

Kabla sijaondoka nyumbani, ami yangu mmoja aliniuliza barazani mbele ya watu: "Mwanangu, hayo ya Mayahudi na Wazungu yatuhusu nini sisi? Na watu wa Palestina nao, nani awajengea makumbusho?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Ami, niache nikaone kwanza." Akatikisa kichwa, akaomba amiminiwe kikombe kingine cha kahawa.

MAWE YASIYO NA MAJINA

Tulikutana karibu na lango kubwa la Brandenburg, watu 11 wa mataifa mbalimbali. Kiongozi wetu alikuwa bibi wa Kijerumani wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakufanya mzaha hata mmoja, jambo lililonipendeza, kwani viongozi wengi wa watalii hudhani kazi yao ni kuchekesha.

Hatua chache kutoka langoni kuna uwanja uliojaa mawe ya saruji ya rangi ya kijivu, yote 2,711, yamepangwa safu kwa safu. Aliyeyabuni ni Mmarekani Peter Eisenman, na uwanja ulifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2005. Pembezoni mawe ni mafupi, mtu aweza kuyakalia. Ukiingia ndani ardhi inateremka, nayo yanarefuka mpaka yanakupita kimo, na mlio wa motokaa unafifia. Hayana jina wala tarehe.

Nasema kweli, mwanzo sikupendezwa. Vijana walikuwa wakirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe, wengine wakipigana picha huku wanacheka. Kwetu mtoto akiruka juu ya kaburi angezabwa kofi, tena na mtu asiye mzazi wake.

Lakini chini ya ardhi, mahali pale pale, pana makumbusho, na huko ndiko mtu anakopaswa kwenda. Kuna chumba kimoja chenye giza. Jina la mtu mmoja linatokea ukutani kwa mwanga, na sauti inaeleza kwa maneno machache alizaliwa wapi, alifanya kazi gani na aliuawa wapi. Kisha jina linazimika, linakuja jingine. Kiongozi wetu alisema kwamba kuwasoma waliouawa wote kwa namna ile kungechukua zaidi ya miaka 6 na nusu, usiku na mchana.

Nilikaa mle robo saa. Nikasikia Abraham, nikasikia Sara, kisha Josef, kisha Mirjam. Hao ni Ibrahimu, Sara, Yusufu na Maryamu, majina tunayowapa watoto wetu kila Ijumaa ya akika. Nilitoka nje bila kusema na mtu.

Kutoka hapo tulipita panapoitwa Topografia ya Ugaidi, ambapo palikuwa makao ya Gestapo na SS. Majengo yenyewe hayapo, kumebaki misingi ya vyumba vya chini na nyumba mpya ya maonyesho iliyofunguliwa mwaka 2010. Picha zilizonishika zaidi hazikuwa za maiti. Zilikuwa za makarani: watu wa tai na kalamu, wenye mafaili, waliohesabu magari ya reli na abiria wake kama mtu anavyohesabu magunia ya karafuu.

GARIMOSHI LA ORANIENBURG

Adhuhuri tulipanda garimoshi kwenda Oranienburg, kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya Berlin. Kutoka stesheni tulikwenda kwa miguu kama dakika 20, tukipita nyumba za watu, mapazia dirishani, baiskeli mlangoni. Wafungwa nao walipitishwa humo humo, na wenyeji wakiona.

Kambi ya Sachsenhausen ilijengwa mwaka 1936 kwa mikono ya wafungwa wenyewe. Umbo lake ni pembe tatu, ili bunduki moja iliyowekwa juu ya lango iweze kuona kila kibanda. Kwenye chuma cha lango kumeandikwa kwa Kijerumani kwamba kazi huleta uhuru. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo mpaka mwaka 1945, na makumi ya maelfu hawakutoka. Hawakuwa Mayahudi pekee. Walikuwamo wapinzani wa serikali, mapadri, Warusi waliotekwa vitani, na wengine wengi. Lakini baada ya usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa nchi nzima, Mayahudi kiasi cha 6,000 waliletwa hapo kwa mkupuo. Waliobaki kambini mwaka 1942 wengi walipelekwa Auschwitz.

Kibanda namba 38 walimolazwa Mayahudi kingalipo. Mwaka 1992 vijana wenye kuwatukuza Wanazi walikitia moto. Serikali ilikitengeneza, lakini rangi iliyoungua ukutani haikukwanguliwa. Imeachwa vile vile nyuma ya kioo, imefanya malengelenge.

Kuna njia inayozunguka uwanja wa kuhesabiwa wafungwa, imewekwa changarawe, kokoto, mchanga na saruji. Hapo wafungwa walitembezwa siku nzima, kiasi cha kilomita 40, kujaribu soli za viatu kwa faida ya viwanda. Aliyeanguka alipigwa. Mwenzetu mmoja aliuliza kama viwanda vile vilijua. Bibi yule akajibu kwamba vililipia.

Mwisho wa kambi kuna mahali palipoitwa Kituo Z. Watu wa SS walifanya kejeli: mtu huingia kwa mnara A, hutoka kwa Z. Hapo ndipo palipokuwa na chumba cha kupigia risasi, na matanuri ya kuchomea maiti. Matanuri yamebomoka, chuma kimeota kutu, na juu yake limejengwa paa jeupe.

Bibi alitueleza jambo ambalo wenzangu walilipita haraka, mimi nikaganda nalo. Alisema dini ya Kiyahudi huamrisha maiti aoshwe, avikwe sanda nyeupe ya kitambaa cha kawaida, tajiri na maskini sawa, na azikwe ardhini mapema. Kuchoma ni haramu. Msomaji wangu, hilo twalijua sisi. Twajua maana ya kukosa maiti wa kumwosha. Watu wa mwambao waliopoteza jamaa zao baharini wanajua zaidi, kwani hao angalau walisaliwa.

MWALIMU WA KISWAHILI

Hapo ndipo bibi aliponiuliza natoka nchi gani. Nikamwambia Kenya, mji wa Mombasa, na kwamba naandika kwa Kiswahili. Akasimama.

"Basi hapa," akasema, "alifia mwalimu wa Kiswahili."

Jina lake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, ingawa Berlin alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wadachi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, baba na mwana walipigana upande wa Wajerumani, naye angali mtoto. Alijeruhiwa huko Mahiwa mwaka 1917 akatekwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Aliambiwa muda wa kudai umepita.

Hakurudi. Alipata kazi ya kuhudumu mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin, akaoa huko na kuzaa, akaonekana katika filamu zaidi ya 20. Moja, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, yule aliyekuja kuinyakua Tanganyika na ambaye watu wa huko walimwita Mkono wa Damu. Mahjub alicheza humo kama mtumishi. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila ya kesi yoyote alipelekwa Sachsenhausen, akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Sitaki kuchanganya mambo. Mahjub hakuwa Myahudi, na serikali ile haikuandaa magari ya reli ya kuwakusanya Waswahili wa Ulaya yote. Lakini sheria iliyompima mtu kwa damu yake haikuishia kwa Mayahudi, na iliposhuka chini zaidi ilimkuta mwenzetu.

Katika garimoshi la kurudi, mzee mmoja wa kundi letu aliona kofia yangu akanitajia Haj Amin al-Husseini, Mufti wa Jerusalem, aliyekaa Berlin wakati wa vita na kuwasaidia Wanazi kwa hotuba za redio. Ni kweli, na sioni sababu ya kuficha. Bibi yetu akaongeza kweli nyingine. Katika mji huo huo alikuwapo daktari Mmisri, Mohamed Helmy, aliyemficha binti wa Kiyahudi, Anna Boros, tangu mwaka 1942 hadi vita vikaisha, akimtambulisha kuwa ni jamaa yake. Mwenyewe Helmy alikuwa amekwisha kufungwa na Wanazi, na lau angegunduliwa asingepona. Mwaka 2013 makumbusho ya Yad Vashem ilimtaja kuwa Mwarabu wa kwanza kupewa heshima ya waliowaokoa Mayahudi. Yule mzee alisema hakupata kusikia habari hiyo. Hata mimi sikupata kuisikia, na hilo liliniuma zaidi.

BRUNNENSTRASSE

Ziara ilikwisha, watu wakaagana. Bibi aliniandikia anwani kwenye kipande cha karatasi: Brunnenstrasse 193. Nilikwenda peke yangu.

Katika miji mingi ya Ulaya kuna vijiwe vya shaba, sentimita 10 kwa 10, vilivyotiwa njiani mbele ya nyumba walimokaa watu waliouawa na Wanazi. Vilianzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimepita 100,000. Wengi wa majina hayo ni Mayahudi. Cha Mahjub kilitiwa mwaka 2007. Kina jina lake, mwaka aliozaliwa, kambi na tarehe ya kufa kwake, basi. Barabara ya Berlin iliyopewa jina la Carl Peters nayo ilibadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake sasa yaitwa Maji Maji.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Watu walipita na mifuko ya sokoni, na shaba ilikuwa imeingia weusi. Nilichutama, nikaifuta kwa leso mpaka herufi zikang'aa. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wake alisimama kunitazama, kisha akainama akasoma, akamsomea na mtoto. Alilitamka jina vibaya. Nikamtamkia vyema, naye akarudia. Walipokwenda zao nikasoma Fatiha, nikatafuta mahali pa kuswali Magharibi.

Niliporudi Mombasa, nilikwenda barazani nikamwamkia ami, nikampa kisa chote tangu mawe hadi matanuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la Palestina alilirudia, na nilimwambia ana haki ya kulirudia. La kwanza hakulirudia. Aliniuliza tu jina la baba yake yule kijana wa Dar es Salaam, apate kumtaja sawasawa katika khitma ya Ijumaa.

Nikamwambia, "Adam."