Wazee Baina ya Kilifi na Hai

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa Kenya wakawa milioni 47.6, na waliotimu miaka 60 na kuendelea miongoni mwao walikuwa wapata milioni 2.7. Taita Taveta, yenye watu 340,671, ina fungu lake katika hao, nalo limetawanyika baina ya Voi, mji wa reli na barabara kuu, na vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau. Lakini sensa hupita mara moja katika miaka kumi, na aliyeingiwa na kiharusi siku ya pili yake haina habari naye.

Kazi ya kuwafuatilia watu baina ya sensa na sensa ni ya vituo vya utafiti, ambavyo huwaandika wakazi wa mahali pamoja nyumba kwa nyumba, kisha huwarudia mwaka baada ya mwaka, wakauliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Na pasipokuwa na cheti cha daktari huwahoji wafiwa kwa adabu juu ya dalili za marehemu, ili sababu ya kifo ikisiwe. Mjini Nairobi, kituo kiitwacho APHRC kilianza kufanya hivyo mwaka 2002 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani. Huko Kilifi, Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa ushirika na Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho tangu mwaka 1992 huwafuatilia Wamarekani waliopita umri wa miaka 50, kimeanzisha utafiti wa uzee uitwao LOSHAK.

Amma upande wa magharibi, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, iko wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, ambako watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi mnamo mwaka 2010 waliona kwamba takriban 6 katika kila 100 wana maradhi ya kupotewa na akili, ambayo akthari ya watu huyadhania kuwa ni uzee mtupu. Kabla ya hapo, kiharusi kilipohesabiwa Hai na Dar es Salaam, na tafauti ya umri ikasawazishwa, Dar es Salaam ilionekana kuipita Hai kwa mbali. Basi si kweli, kama tupendavyo kudhani, kwamba aliye karibu na hospitali kubwa ndiye mwenye siha.

Umri wenyewe ni mtihani, kwani wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Mtafiti hodari huulizia matukio: je, mama alikuwa amekwisha kukuzaa hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948? Ulikuwa ukichunga mbuzi wakati wa kambi ya wafungwa wa Mau Mau ya Manyani, au yalipokuja mafuriko ya 1961? Ulikuwa umeoa ukame ulipowaua ndovu wa Tsavo mwanzoni mwa miaka ya sabini? Wala si jambo la elimu tu, maadamu posho ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ilifunguliwa mwaka 2018 kwa waliofikia miaka 70, na aliyepunguziwa miaka mitano na karani huikosa miaka mitano.

Voi ina Hospitali ya Rufaa ya Moi, Wundanyi ina Wesu, na wahudumu wa afya ya jamii wamo vijijini tayari. Chuo Kikuu cha Taita Taveta nacho kiko karibu. Daftari la miaka mingi laweza kuanzwa na hao. Nionavyo mimi, pa kuanzia ni Sagalla, kwa sababu mlima huo uko jirani na Voi, na ndugu wa ukoo mmoja huenda mmoja akazeekea juu na mwenziwe akazeekea mjini. Hata ikizuka tafauti baina yao ya shinikizo la damu au ya sukari, itakuwa vigumu zaidi kusema kuwa ni urithi tu ulioileta.