Sanduku lina kufuli tatu, na mashine je?

Ninyi munaoweka akiba katika AVEC munajua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa mukubwa wa kikundi. Lakini orodha ya mikopo tuliiandika katika kompyuta ya sekretariati yetu, na ile kompyuta tuliacha kila muteja achomeke kle yake.

Mambo yalitupata majuma mawili mbele ya kugawana. Ilikuwa wakati wanafunzi wanamaliza TFC zao, mashine haipumziki tangu asubuhi mupaka SNEL ikate umeme. Siku ya posho mama mwandishi akachomeka kle ya kikundi. Mahali pa orodha akakuta vialama vidogo vyenye mushale. Anabonyeza, hakuna kitu. Hisa ziko katika kitabu cha kila mama, lakini mikopo na faida zilikuwa mule tu. Kaye kubwa tulikuwa tumeacha kuijaza tangu mwezi wa nane, kwa uvivu, tukisema mashine iko. Jioni mama mumoja akafika mulangoni kuuliza kama feza yake imekwenda na mashine. Hatukumukasirikia.

Fundi mumoja akatuomba dola 10 ili afute kle yote, eti ipone. Tulikuwa tumeanza kuchanga. Ndipo musichana mumoja wa mwaka wa sita wa sekondari akauliza: kama vitu vimepotea, mbona kle inaonyesha kwamba imejaa?

Alisema kweli. Virusi ya namna ile haifuti kitu. Inaficha dosye zako na kuweka pale kialama cha uongo. Ukikibonyeza, wewe mwenyewe unaiamsha. Inaingia katika mashine, na kutoka pale inapanda kle ya kila muteja anayefuata. Kufuta kle kungekuwa kuua orodha kwa mikono yetu.

Tulianza na mashine, kwa sababu kle ikirudi katika mashine yenye ugonjwa inaambukizwa tena. Windows 10 ina mulinzi wake ndani, Defender, haulipiwi. Tulinunua mega kidogo, tukamupa habari mupya, akachunguza mashine yote, kisha kle. Halafu yule musichana akafungua dirisha jeusi la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya kle yetu, kwenu inaweza kuwa ingine). Orodha ikatokea, haikukosa hata jina moja.

Tulikuwa na bahati. Kuna virusi zingine ambazo hazifichi; zinafunga dosye kwa siri na kudai feza. Mwezi wa tano 2017, ile inayoitwa WannaCry ilivuruga hata hospitali za Uingereza. Ilidai dola 300 kwa kila mashine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu mwezi wa tatu, lakini wengi walikuwa hawajaiweka. Sisi huku tunaogopa kumaliza mega, tunazima masahihisho. Tunafanya hesabu mubaya. Na zile programu za bure zilizovunjwa kufuli, ambazo vijana wanatuletea kwa moyo muzuri, mara nyingi ndizo zinabeba ugonjwa ndani. Michezo ya watoto vilevile: kama munatumia mashine moja nyumbani na kazini, mufungulie watoto konti yao, isiyo na ruhusa ya kuweka programu.

Sasa kle ya muteja inachunguzwa mbele ya kufunguliwa. Wengine wananungunika kwamba tunawachelewesha. Tunawaonyesha kiti.

Na kila siku ya posho, kisha mukutano, mama mwandishi ananakili orodha katika diski ndogo, anaichomoa, maana diski inayobaki imechomekwa inaugua pamoja na mashine. Diski inalala ndani ya sanduku, na kufuli zake tatu. Kaye tumeirudilia pia; anayeijaza ni yule mama aliyefika mulangoni jioni ile.