Mchezo wa Bibi na Wajukuu Laela

Kama wewe ni mzaliwa wa Ufipa ufanyaye kazi mjini, huenda Juni itakapowadia utawapandisha watoto basi la Sumbawanga wakakae likizo kwa bibi yao. Watateremka Laela, kandokando ya barabara itokayo Tunduma, miguu imevimba, wakitetemeka kwa baridi wasiyoizoea. Siku mbili za kwanza zitakwisha kwa salamu. Ya tatu, bibi atakuwa amemaliza maswali, nao wamemaliza majibu. Yeye fikra zake zimo katika Kifipa. Wao Kifipa hawakijui. Hadithi alizo nazo hazina mwombaji.

Ninapendekeza uwatungie mchezo.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Msimuliaji mmoja hueleza hali ilivyo. Kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu fulani na kusema mtu huyo anafanya nini. Matokeo yakiwa na shaka, hurushwa dadu. Kwa hakika si jambo geni kwetu. Watoto wanapojipikilisha uani kwa makopo na mchanga, huyu mama, yule baba, ndicho wafanyacho. Kilichoongezwa ni kanuni ya kuamua pale mmoja asemapo "umekufa!" na mwenziwe ajibupo "sijafa!"

Asiyefikiri sana atadhani kazi iliyobaki ni kutafsiri. Sivyo. Mchezo ule ulitungiwa vijana wenye vitabu, wenye dadu za pande 20, waliokulia katika hadithi za Ulaya za mapango na majoka. Wewe unamtungia mwanamke mzee ambaye huenda hasomi, na wajukuu wasiomzoea. Kwa hiyo acha vitabu. Badala ya dadu chukua mbegu tano za boga zilizokauka, uzipake masizi upande mmoja, zirushwe juu ya ungo. Nyeusi zikiwa tatu au zaidi, jambo limefaulu. Ndiyo kusema nusu kwa nusu. Mtoto aliyetoa sababu nzuri aongezewe mbegu ya sita, nazo zihitajike tatu zile zile: sasa atafaulu karibu mara mbili katika kila tatu. Bibi ndiye atakayeamua kama sababu ni nzuri. Hapo tayari wajukuu watajifunza kusema naye kwa adabu.

Lakini lililo gumu zaidi ni joka. Mwaka huo huo wa 1974 kilichapishwa kitabu Man and Beast cha Roy Willis, Mwingereza aliyeishi na kufanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Humo twasoma jinsi chatu alivyokuwa na heshima kwa Wafipa, akihusishwa na mizimu ya nchi. Sasa mwambie mtoto amkate nyoka mkubwa kwa upanga ili apore dhahabu, bibi akisikia! Hata kama yeye ni Mkatoliki wa tangu utotoni, kama walivyo wengi huko, hatacheka.

Wala huna haja ya joka. Wafipa wanayo masimulizi ya Milansi. Mfalme wa kwanza, Ntatakwa, aliondoka kwenda kuwinda, akimwachia mkewe onyo kwamba wageni watakuja na wasipewe kigoda chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, na mkubwa wao akakikalia. Mfalme aliporudi, utawala ulikuwa umehama: Watwa wakaitawala nchi, Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya mizimu.

Tazama jinsi masimulizi hayo yalivyo mchezo tayari. Hakuna upanga. Pana mlango, mgeni mwenye njaa, kigoda, na mama mwenye nyumba aliyebanwa kati ya amri ya mumewe na wajibu wa ukarimu. Mjukuu mmoja awe mama huyo, wengine wawe wageni.

Je, watoto wakiukataa mwisho huo? Ukiwalazimisha, si mchezo tena bali ni kukariri. Ukiwaachia kila kitu, watawatimua wageni kwa fimbo na bibi ataudhika. Mimi ningeyafunga mambo matatu tu: mfalme hayupo, wageni wamefika, na mgeni hafukuzwi na njaa. Yaliyosalia yawe wazi. Mchezo ukiisha, bibi aeleze yeye alivyosimuliwa.

Lakini usifunge lolote kabla ya kumwuliza. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijijini Malya, Mkoa wa Mwanza, kufanya sanaa za maonyesho, nao hawakubeba tamthilia iliyokwisha andikwa. Walianza kwa kukaa na wanakijiji wajue yanayowasumbua, na michezo ikatoka humo. Nawe piga simu kwanza. Laela imo upande wa kusini, uliokuwa utawala wa Lyangalile, na pengine bibi anayasimulia mambo ya Milansi kwa namna yake, au ana kisa kingine akipendacho zaidi. Akiwa nacho, weka Ntatakwa kando.

Mwulize pia kama kile kigoda chake cha zamani bado kipo. Watoto watahitaji kitu cha kukalia.