Shabaha bila kwenda lupango

Washikaji kibao hapa Makambako, kuanzia stendi mpaka stesheni ya TAZARA, wananiuliza bastola ipi ya bei poa inafaa kujifunzia shabaha. Wapiga shabaha wengi wangekujibu: ile ya risasi ndogo, milimita 5.6. Risasi zake ni rahisi na hairushi mkono. Hata kwenye Olimpiki kina dada huilengea kutoka mita 25. Ila usidharau udogo wake, risasi hiyo inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja!

Sasa basi, kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni kwanza. Ukidakwa bila leseni, ni soo. Ya magendo unayonong'onezwa gizani, hata ukipewa bure, ni ghali.

Mimi nakushauri vishale. Vitatu tu vinatosha, vya gramu 20 na ushee. Tundika ubao, kitovu kiwe mita 1.73 toka chini, nawe simama mita 2.37. Kwa baridi letu hili, vua koti linalobana bega. Usitumie nguvu, legeza mkono.

Ukikosa, umetoboa ukuta, hujatoboa mtu.