Tabora Jazz Band
Tabora Jazz Band ilikuwa bendi ya muziki wa dansi kutoka mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Ilivuma hasa katika miaka ya 1970 ikiwa na mtunzi na mwimbaji Shem Ibrahim Karenga. Mtindo wake uliitwa Segere Matata.

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na baadaye ikawa njia panda ya Reli ya Kati, mahali reli ya Mwanza inapoachana na ile ya Kigoma. Si ajabu basi kwamba mji huu wa bara ulikuwa na bendi nyingine mbili zenye jina: Kiko Kids ya Salum Zahoro, na Nyanyembe Jazz iliyoitwa kwa jina la Unyanyembe, utemi wa zamani wa Wanyamwezi.

Wimbo wa "Dada Asha", uliotungwa na Karenga, ulienea nchi nzima kwa njia ya redio. Lakini kusikika redioni si kuuza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ngumu. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Wapo wanaouimba wimbo huo mpaka leo bila kujua bendi iliyoupiga, sembuse mtunzi.

Karenga alifariki mwezi Desemba 2014.