Kupunguza Uzito kwa Upasuaji: Je, Mfuko wa Nyongo Nao Utolewe?

Leo ninajibu swali la mama mmoja wa hapa Rhonda aliyenishika mkono tukipima watoto uzito. Dada yake aliye Nairobi amepangiwa upasuaji wa kupunguza unene, na daktari amesema huenda akatoa na mfuko wa nyongo. Nyumbani hakukaliki. Mama yao anauliza, "Ameenda kupunguzwa mwili, hiyo nyongo imekosa nini?" Majirani nao wananong'ona kwamba viungo vinauzwa.

Swali la huyo mama mzee ni zuri, na linastahili jibu.

Ukichinja kuku umeuona mfuko wa nyongo: kale kafuko ka kijani unakoogopa kupasua. Nasi tunao, chini ya ini. Ini hutengeneza nyongo, mfuko huitunza mpaka tule kitu chenye mafuta. Ukitolewa, mtu huishi vizuri tu, kwa kuwa ini linaendelea na kazi yake na nyongo hutiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Baadhi huharisha kidogo, hasa wakila mafuta.

Katika upasuaji wa kupunguza uzito, daktari hukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi, au hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo wa chini. Mtu hupungua kilo nyingi kwa miezi michache. Hapo ndipo nyongo inapoingia. Mafuta ya mwili yakiyeyuka haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, nao mfuko haujikamui vizuri kwa sababu anakula kidogo. Nyongo huganda ikawa mawe.

Basi si afadhali utolewe mapema? Hapana, si kwa kila mtu. Kama hauna mawe, wapasuaji wengi huuacha. Kuutoa huongeza muda wa upasuaji na hatari ya kuumiza mirija ya nyongo, na kwa mtu mnene sana ini lililojaa mafuta hufunika mahali pa kufanyia kazi. Isitoshe, wanaohitaji kutolewa mfuko huo baadaye ni chini ya mtu 1 kati ya 10. Tena kuna dawa ya vidonge iitwayo ursodioli, inayotumiwa kwa miezi 6 baada ya upasuaji. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, wagonjwa 32 kati ya 100 wasiopewa dawa hiyo walipata mawe. Waliopewa miligramu 600 kwa siku walikuwa 2 tu kati ya 100.

Lakini kama mawe yapo na yanauma, daktari ana sababu nzuri ya kuutoa siku hiyo hiyo. Hasa kwa upasuaji wa kuunganisha utumbo: jiwe likianguka kwenye mirija baadaye, ni vigumu kulifikia kwa kamera ya kupitishwa mdomoni, maana njia imebadilishwa.

Kwa hiyo yote yanategemea skani ya tumbo, ile ile tunayopigwa tukiwa wajawazito. Nilimuuliza yule mama kama dada yake amepigwa. Hakujua. Hilo ndilo swali la kwanza.

Hapa niseme kitu na nyinyi msio na mpango wa kupasuliwa. Mawe ya nyongo hupenda wanawake, hasa waliozaa, wanene, waliopita miaka 40. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, baada ya chipsi au nyama ya mafuta, yakienda mpaka bega la kulia, wengi huyaita vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani mwaka mzima. Nendeni mkapimwe.

Sasa ile fomu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe matibabu, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kukataa. Mtu mzima mwenye akili timamu hujiamulia mwenyewe. Si mume, si mama mkwe. Fomu ikitaja mfuko wa nyongo, au kufunga uzazi, au chochote ambacho hukuelezwa, uliza kabla ya kutia sahihi, si ukiwa tayari kwenye machela. Uliza pia: ukinifungua ukakuta jambo usilotarajia, utafanya nini? Jibu liandikwe.

Na aliyeachiwa mfuko wake, akipata homa, macho ya manjano au maumivu yasiyoisha, aende hospitali siku hiyo hiyo, na aseme mapema kwamba aliwahi kupasuliwa tumbo kupunguza uzito.