Kabari kwenye gurudumu la ukoma

Mwalimu mmoja wa Chidya amesikia habari za jaribio la dawa visiwani Komoro, akaniuliza: inakuwaje mtu mzima wa afya, asiye na baka hata moja, apewe dawa ya ukoma? Swali linatoka mahali penye haki ya kuliuliza. Lulindi, si mbali na Chidya, ndiko Dakta Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alikotibu wagonjwa katika miaka ya 1930. Na Mwena, karibu na Ndanda, palikuwa na makazi ya wenye ukoma.

Historia ya ugonjwa naiacha. Inatosha kujua kwamba unatibika, kwamba dawa zake hutolewa bure, na kwamba bakteria wake ni mzito ajabu: hujigawa mara moja kwa wiki mbili hivi. Anaweza kukaa mwilini miaka mitano, hata 20, kabla ya baka la kwanza kutokea.

Huko Bangladesh ilishaonekana kwamba dozi moja ya rifampisini, wakipewa walio karibu na mgonjwa, hupunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya kwanza. Kwenye visiwa vya Nzwani na Mwali, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp na wenzao wa Komoro wanajaribu kuiongezea dawa ya pili, bedakwilini, katika baadhi ya vijiji. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya kifua kikuu sugu. Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyoninyima usingizi.

Tuchukue mfano wa Newala. Uwanda wa Makonde unapata mvua, lakini mchanga huinywa yote, maji yakatokeza chini bondeni. Ndiyo maana bibi zetu walishuka na kupanda na mitungi kichwani, na ndiyo maana mitambo ya Mitema, bonde la Kitangari, huyasukuma maji hadi juu. Maji yaliyopandishwa yana nguvu ndani yake: yafungulie bomba, yatateremka yenyewe kwa kasi. Sasa weka chini ya bomba hilo gurudumu lenye vikombe tisa, na ekseli yake iingie kwenye kinu cha kusagia.

Bakteria huyu anaishi hivyo hivyo. Nguvu ya chakula chake huitumia kusukuma protoni, chembe ndogo kuliko atomu, azitoe nje ya utando wake. Zikijazana nje zinataka kurudi, na njia kuu ni kupitia gurudumu. Protoni inaingia kwenye kijia, inakaa kikombeni, gurudumu linasogea hatua moja, kikombe kinachofuata kinapokea yake. Inabebwa karibu duara zima, ndipo inapata kijia cha pili na kutokea ndani. Protoni tisa, mzunguko mmoja. Ekseli nayo inaminya vyumba vitatu vya kinu kwa zamu, kila chumba kinatoa chembe moja ya ATP, unga unaolisha seli nzima. Mwaka 2021 watafiti walichapisha picha za mtambo huu kutoka kwa bakteria wa ukoo huo huo, na bedakwilini ilionekana imejibana palepale protoni inapokaa. Gurudumu haligeuki. Maji yamejaa juu, kinu kimesimama, unga unakwisha.

Hapa ndipo ninapogombana na neno kiuavijasumu, jina tunaloziita dawa za kundi hili. Linafuatana na kiuadudu na kiuagugu, na yote matatu yananiletea picha ya rungu. Bedakwilini haipigi. Nilijaribu "kikwamishi", nikaliacha, maana hata tope hukwamisha. Kisha nikamkumbuka utingo wa lori la korosho linapozimikia mlimani: anaruka na kipande cha mti, anakisukumiza nyuma ya tairi. Kabari! Mpasua magogo naye anayo, ila yake ni ya kutenganisha. Mimi nataka ile ya tairi. Naiita dawa-kabari, na ninaomba walimu wa sayansi walijaribu neno hilo darasani.

Kabari hii inamfaa bakteria wa ukoma kuliko wengi. Amepoteza urithi mwingi: jeni zinazofanya kazi ni kama 1,600, na zaidi ya 1,100 zimekufa. Kinu kikisimama, hana pa kukimbilia. Tena bedakwilini hukawia mwilini kwa miezi, yeye akiwa bado anajikongoja. Nchini Brazili wagonjwa tisa walipewa bedakwilini peke yake. Baada ya wiki nne, bakteria waliochukuliwa kwao hawakuota tena kwenye nyayo za panya. Dawa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na bakteria wa kifua kikuu wameanza kuizoea, hivyo hutolewa chini ya uangalizi.

Basi mwalimu, yule unayemwona mzima huenda gurudumu limeshaanza kuzunguka ndani yake, na kabari huwekwa kabla lori halijashika mteremko. Kabari yenyewe bado inajaribiwa; kwa sasa tunao unyuzi wa pamba. Ukiona baka, mwambie mtu afumbe macho, liguse kwa ncha ya pamba, aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Asipohisi, aende zahanati wiki hiyo hiyo, na nyumba nzima ifuatane naye.